Gari Ipo, Bei Inaongeleka

Tangazo la kwanza niliandika saa sita usiku nikiwa nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, simu mkononi, chaji imebaki asilimia tisa. "Daihatsu Rocky ya 1989. Dizeli, cc 2765, gia za mkono, fowili inafanya kazi. Haidaiwi. Ni kuwasha na kuondoka. Gari ipo Iringa. Bei milioni 6.5, inaongeleka." Nikasoma. Nikarudia kusoma. Nikafuta neno moja, nikalirudisha, kama ninavyofanya na habari yoyote ambayo nina wasiwasi nayo.

Nyinyi mnaopenda kusoma, siku moja wekeni riwaya pembeni mkasome matangazo ya magari yaliyotumika. Ni fasihi kamili ile. Ina mianzo yake na miisho yake, ina mafumbo yake, na kila msomaji anajua kuyafumbua. "Imetumiwa na mama mmoja" maana yake haijapelekwa porini. "Mwenye gari ana shida ya haraka" maana yake njoo na bei ya kumwonea huruma, yaani ya kumwonea. "Ina vitu vidogo vidogo vya kurekebisha" maana yake njoo na gari la kuivuta. Na lile ambalo halikuandikwa ndilo la kutafuta. Mtu akisifia injini, viti, redio na matairi bila kusema neno kuhusu giaboksi, basi kaulize giaboksi.

Mimi nilikuwa nimesifia injini, gia na fowili. Sikuwa nimesema neno kuhusu chesisi.

Nililinunua mwaka 2017 kwa bwana misitu mstaafu huko Mufindi. Wakati huo nilikuwa nimetoka kuacha kazi ya mshahara kwenye gazeti moja (au mshahara uliniacha mimi, maana miezi ilipita bila kuonana nao) na nikaamua kuwa mwandishi wa kujitegemea wa Nyanda za Juu Kusini. Wazo lilikuwa rahisi. Habari za Iringa mjini kila mtu anaziandika. Habari za Kilolo ndani huko, za Ludewa, za Makete wakati wa mvua, haziandikwi kwa sababu hakuna anayefika. Mwenye gari la kufika ndiye mwenye habari. Kumbe nilipaswa kujiuliza pia nani atalipia dizeli, lakini ujana ni kitu kizuri.

Land Cruiser sikuwa na uwezo hata wa kuiota. Land Rover nilikuwa na uwezo wa kuinunua, ila si wa kuilisha. Escudo niliipenda, wenye nazo mjini wakaanza kunihesabia bei nikachoka. Ndipo jamaa mmoja akaniambia kuna mzee anauza "kitu kama Land Cruiser iliyodumaa". Nilipofika nikakuta gari fupi la milango miwili, la mraba kama kabati, rangi ya kijani iliyopauka, limepaki chini ya msindano. Namba A, ile safu ya mwanzo kabisa. Kwa asiyeishi Tanzania: herufi ya kibao ndiyo umri wa gari mbele za watu. Mwenye namba D au E anatembea kifua mbele. Mwenye namba A huwa anaeleza.

"Hili gari, mwanangu," mzee akasema, "halikimbii. Ila linafika."

Nikalipa milioni 5.4, nikashuka nalo hadi Iringa kwa mwendo wa kilomita sitini kwa saa, nikiimba.

Kumiliki gari lisilojulikana kunakugeuza mwalimu wa historia. Kituo cha mafuta, kwenye vizuizi vya polisi, msibani, kila mahali lazima ueleze. Nikaanza kusoma. Daihatsu ni kampuni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani: ilianzishwa Osaka mwaka 1907 ikitengeneza injini, na jina lenyewe limeunganishwa kutoka herufi ya mji huo na neno la Kijapani la mashine ya kuzalisha nguvu. Mwaka 1974 wakatoa gari dogo la porini waliloliita Taft. Mwaka 1984 likafuata hili langu, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza, maana gari lilelile Japani liliitwa Rugger, Uingereza likaitwa Fourtrak, masoko mengine likaitwa Rocky, na Toyota nao wakaliuza kwao Japani wakiwa wamelibandika jina la Blizzard. Kama mtoto aliyelelewa na shangazi wanne, kila mmoja akampa jina lake.

Hilo la majina si utani unapotafuta spea. Ukimwambia muuzaji wa Kariakoo "Rocky" anakuletea kitu cha Feroza, ambayo ni mdogo wake wa petroli. Na kuanzia 2019 mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu Daihatsu, ambayo tangu 2016 ni mali ya Toyota kwa asilimia mia, ikalifufua jina la Rocky na kulipa kigari kipya laini cha mjini. Sasa ukiandika jina la gari lako kwenye simu unaletewa picha za kitu kinachong'aa ambacho hakina undugu wowote na kabati lako la kijani.

Niliokolewa na fundi wa Kihesa. Sitamtaja jina, hapendi. Huyu ndiye aliyegundua kwamba malori madogo ya Daihatsu Delta yalitumia injini za ukoo uleule wa DL, kwa hiyo tukiacha kutafuta Rocky tukatafuta lori lililokufa, tunapona. Tulipata moja uani kwa mtu Makambako, limeota nyasi mpaka dirishani, kuku wanataga kwenye kabini. Kutoka pale tulitoa vitu kwa miaka mitatu. Kila nilipokwenda mwenye lori alikuwa ananipa na trei ya mayai.

Kwenye dashibodi kulikuwa na swichi niliyoipenda kuliko kitu chochote. Ilikuwa ya kubadilisha ugumu wa shokapu ukiwa umekaa: laini, kawaida, ngumu. Mwaka 1989 huo! Haikuwa inafanya kazi tena, nadhani tangu enzi za bwana misitu, lakini kila nikiingia barabara mbaya niliibonyeza kwenye "laini", na naapa mgongo ulisikia nafuu. Ukitaka fowili, ilibidi ushuke ukafunge magurudumu ya mbele kwa mkono, moja moja, kisha urudi ndani uvute gia ndogo. Yaani gari lilikulazimisha ukanyage matope kwanza ndipo likutoe. Nimefunga magurudumu yale nikiwa na suti, nimeyafunga usiku kwa tochi ya simu, nimeyafunga mama mjamzito akiwa amelala kiti cha nyuma, dada yake akiniuliza kwa upole sana kama najua ninachokifanya.

Machi 2020, mvua kubwa, nilikwenda Idete kule Kilolo kufuatilia habari ya daraja la miti lililochukuliwa na maji. Habari niliipata. Kurudi, kwenye kilima cha udongo mwekundu kabla ya Dabaga, gari likateleza kinyumenyume, gurudumu la nyuma kulia likagonga jiwe, na nikasikia mlio ambao mwenye gari huusikia tumboni kabla ya masikioni. Lilitembea hadi nyumbani. Kesho yake fundi akalala chini yake na tochi, akakaa muda mrefu mno bila kusema kitu. "Njoo uone, mwandishi."

Chesisi ilikuwa imepasuka pale springi ya nyuma inaposhikiliwa. Si ufa wa kutisha, urefu wa kidole cha kati. Akaichomelea, akaongeza bamba la chuma juu yake, akapaka rangi nyeusi. Kazi safi. Lakini akaniambia waziwazi: hii itabeba, ila si kama zamani, usipakie mizigo, na kila baada ya miezi mitatu nilale nitazame. Kwa hiyo kuanzia siku ile tulikuwa watatu tunaojua: mimi, fundi na gari.

Sasa nifike kwenye tangazo.

Mwaka 2022 mama yangu alianguka bafuni akavunjika nyonga. Bima ilikuwa na maneno yake, hospitali ilikuwa na ya kwake, na kati ya maneno hayo mawili ilibaki hela ambayo mimi na dada yangu tulitakiwa kuitoa ndani ya wiki mbili. Dada akauza viwanja viwili vya miti aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya ada za watoto. Mimi nilikuwa na kompyuta, godoro zuri na Rocky. Mama mwenyewe gari lile alikuwa halipendi, alisema ni la kupandia kama mwembe. Ila aliposikia naliuza alinyamaza, akageukia ukutani, na nikajua ananyamazia nini.

Siku tano simu haikulia. Watu waliuliza kwenye maoni, "Hii ni Toyota gani?" Mmoja akaandika, "Milioni 6 kwa namba A, kaka unaumwa?" Siku ya sita akapiga dalali, na jioni akaja na kijana wa Mafinga, mtaratibu, mwenye viatu vya kazi vyenye unga wa mbao. Alikuwa na shughuli ya mbao na alitaka gari la kupeleka vijana wake shambani asubuhi na kuwarudisha jioni. Wangapi? Sita, saba, na misumeno yao na mafuta.

Akaliwasha, likaitika mara ya kwanza. Akatembea nalo hadi Ipogolo akapandisha ule mlima kurudi mjini, akatabasamu. Akaangalia matairi, akafungua boneti, akanusa mafuta ya injini. Fundi wangu alikuwa amesimama pembeni anafuta mikono, na aliponiona namwangalia akasogea akanong'ona, "Mnunuzi asipoinama, si kosa lako."

Hakuinama. Tukakubaliana milioni 5.8. Akanipa kishika uchumba laki tano taslimu, nyingine angekuja nayo Jumatatu tuandikiane mkataba kwa mwanasheria. Usiku uleule nikaituma ile laki tano kwa dada, na yeye akaipeleka hospitali asubuhi.

Kuna watu huwa wanaandika kwamba walikosa usingizi. Mimi nililala vizuri sana, na hilo ndilo lililonitisha nilipoamka. Nilikuwa nakunywa chai, redioni wakasoma habari ya ajali ya gari la wafanyakazi wa shamba, mkoa mwingine kabisa, na nikajikuta nahesabu: sita, saba, na misumeno yao. Miaka kumi nimewaandika wakandarasi waliopaka rangi juu ya nyufa. Ninazo makala mbili ambazo zina sentensi hiyohiyo karibu neno kwa neno.

Jumapili mchana nikampigia. Nikamweleza ufa uko wapi, ulichomelewa lini, na kwamba kwa watu wawili na begi hakuna shida, ila kwa watu saba kila siku nisingeshauri. Upande wa pili kimya. Halafu akasema taratibu, bila kupaza sauti, "Mwandishi mzima. Ulikuwa unasubiri nilipe ndiyo useme?"

Nikasema ndiyo maana nimepiga kabla hujamaliza kulipa. Hata mimi nilisikia jinsi ilivyokuwa dhaifu.

"Naomba hela yangu leo."

Hela yake ilikuwa tayari ni risiti ya hospitali. Nikauza kompyuta kwa laki nne na nusu kwa mwanafunzi wa chuo, nikaazima elfu hamsini kwa fundi (huyohuyo, na alinipa huku akitikisa kichwa kama baba wa kijana mlevi), nikamtumia kabla ya magharibi. Hakujibu. Namba yake ninayo mpaka leo. Dalali naye, ambaye mgao wake ulikuwa umeyeyuka, akatangaza kijiweni kwake kwamba Rocky ya mwandishi imekatika vipande viwili na inashikiliwa na gundi. Iringa si mji mkubwa. Jumatatu kituo cha mafuta waliniuliza nimefikaje na nusu gari.

Nikaandika tangazo la pili. Hili lilikuwa refu. "Chesisi iliwahi kupasuka nyuma kulia, imechomelewa na kuwekwa bamba, njoo na fundi wako. Swichi ya shokapu haifanyi kazi. Kioo cha kushoto kinapanda kwa kusaidiwa na mkono. Haifai kwa mizigo mizito. Inafaa kwa kufika. Milioni 5." Watu walilicheka sana. Lilisambazwa kuliko makala yoyote niliyowahi kuandika.

Siku ya tatu akapiga mama mmoja wa Makete, mfanyabiashara wa viazi, sauti ya mtu aliyezoea kuongea na madereva wa malori. "Kamwene! Wewe ndiye mwenye gari la ukweli?" Akaja na basi la asubuhi, amevaa koti zito na buti, pamoja na mdogo wake ambaye ni fundi. Hakuuliza ni Toyota gani. Akalizunguka, akapigapiga boneti kwa kiganja, akasema marehemu mumewe alikuwa akiendesha moja kama hii ya mradi fulani, nyeupe, na alikuwa anashuka kufunga magurudumu huku akitukana kwa Kikinga. Kisha yeye mwenyewe, si mdogo wake, akatandika kanga chini, akalala chali, akaingia uvunguni hadi miguu tu ikabaki nje.

"Aliyechomelea hapa anajua kazi," sauti ikatoka huko chini. "Lakini milioni tano hapana."

Tukavutana kuanzia saa nne hadi saa saba. Alikuwa ananilipa kwa maneno yangu mwenyewe: si umesema mwenyewe kioo, si umesema mwenyewe chesisi, si umesema haifai mizigo, mimi nina biashara gani isiyo mizigo? Viazi vyake vinapanda malori, alikiri mwishowe. Gari alilitaka la kuwafikia wakulima kwenye baridi kule juu Kitulo, aangalie mashamba kabla ya kuvuna, peke yake na daftari lake. Milioni nne na laki mbili. Nikamwomba aongeze laki moja ya mafundi, akaniuliza wewe ni fundi? Hapo nikacheka, na ukishacheka umeshauza.

Mwanasheria, TIN, nakala za vitambulisho, kadi halisi ya gari, sahihi. Dakika arobaini. Nikamwonyesha jinsi ya kusubiri taa ya hita izime kabla ya kupiga stata asubuhi za baridi, na jinsi ya kubonyeza swichi ya shokapu.

"Si umesema haifanyi kazi?"

"Haifanyi. Lakini ibonyeze."

Likaondoka kuelekea barabara kuu likitoa ule moshi wake mweusi wa gia ya pili. Upungufu wa hela dada aliumalizia kwa mkopo wa kikundi ambao tulikuja kuulipa kwa mwaka na miezi miwili. Mama akafanyiwa operesheni. Anatembea na fimbo sasa, polepole, na bajaji anasema ndiyo gari la heshima kwa sababu haipandwi, inaingiwa. Mimi nafika Kilolo kwa Noah za abiria na bodaboda, na mvua ikiwa kubwa sifiki. Kuna habari mbili kubwa za kule nimezisoma kwenye magazeti ya wenzangu.

Mwezi uliopita, nikiwa nasogeza simu usiku bila kazi, nikaliona. Mbeya. Picha nane, limepigwa rangi upya, nyeusi, matairi mapana, taa za kijinga juu ya kioo. Ningelitambua hata lingepakwa dhahabu: lile bonyeo la mlango wa kulia ni langu, la geti la msikiti wa Frelimo. Nikampigia mama wa Makete. Akacheka sana, akasema aliliuza baada ya mavuno mawili kwa mwalimu, akamlaza mwalimu chini alione, na mwalimu naye alimuuzia mtu mwingine, huko mbele hajui.

Nikarudi kwenye tangazo. "Rocky kali, injini kavu, chesisi haijawahi kuguswa. Ni kuwasha na kuondoka. Bei milioni 9, inaongeleka." Nikapiga ile namba.

"Gari ipo, kiongozi," sauti ikasema, changamfu. "Uko wapi, nikuletee uione?"

Nikamuuliza chesisi ikoje.

"Bosi, hiyo ni mpya kabisa, haijaguswa."

Nikamwambia atandike kitu chini, alale chali, aangalie nyuma kulia, pale springi inaposhikwa. Atakuta bamba lenye matundu mawili. Nikamsikia anatembea, nadhani kuelekea kwenye gari. Halafu hatua zikasimama.

"Samahani," akasema. "Kwani wewe ni nani?"